Hoteli za Kisumu zisituuzie samaki bila jina

Mji hupimwa kwa mambo mengi. Wapo wanaoupima kwa urefu wa majumba yake, wengine kwa upana wa barabara zake, na wengine kwa wingi wa benki na maduka yaliyomo. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, hupenda kuupima kwa kipimo ambacho wengi hukidharau, nacho ni hoteli zake za chakula. Humo ndimo watu wa makabila na matabaka mbalimbali hukutana wakiwa na haja moja, na haja hiyo lazima itamkwe. Mwenye njaa hana budi kusema anachotaka. Neno analolitumia, na neno analojibiwa, humweleza msikilizaji makini habari nyingi za jamii hiyo kuliko hotuba kumi za wakubwa.

Mji ninaotaka kuuzungumzia leo ni Kisumu. Si mkubwa kama Nairobi wala Mombasa, lakini si mdogo pia. Ulitunukiwa hadhi ya jiji mwaka 2001, na mwaka 2022 ulipokea mkutano wa Africities uliowaleta wageni kutoka pembe zote za bara hili. Wageni hao walikula. Swali langu ni hili: walipokula, waliambiwa wanakula nini?

Tuanze na neno lenyewe. Mkenya akisema anaenda hotelini, aghalabu hamaanishi kwamba anaenda kulala. Anaenda kula. Neno hilo lilitoka ugenini likiwa na maana ya nyumba ya kulala wageni, nasi tukalipa kazi nyingine, hata chumba chenye meza mbili na benchi moja kikawa hoteli. Ndugu zetu wa Tanzania husema mgahawa, nasi huandika mkahawa katika insha, neno lililozaliwa na kahawa. Chini ya hoteli kuna kibanda, ambacho vijana wamekipa jina la mzaha, kibandaski. Na Tanzania kuna mama ntilie, jina lililotokana na ombi la mteja mwenyewe la kutiliwa chakula katika sahani. Maneno yote haya yanaonyesha kwamba raia wa kawaida hangoji ruhusa ya mtu ili kukipa kitu jina.

Vyakula vya Kisumu vilifika kwa njia mbalimbali. Reli kutoka Mombasa ilifika ufuoni mwa ziwa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Pamoja na reli walikuja Wahindi, mafundi na wafanyabiashara, na jikoni mwao mlitoka chapati, bajia na kachumbari. Kutoka pwani ulikuja upishi wa pilau na sambusa, vyakula ambavyo majina yake yalikuwa yameshasafiri kutoka Uajemi na Uarabuni kabla hayajamfikia Mswahili. Wenyeji nao walikuwa na kuon, yaani ugali, wa mtama au wa mtama uliochanganywa na muhogo. Walikuwa na nyoyo, ambayo Wakenya wengine huiita githeri. Walikuwa na aliya, nyama iliyokaushwa. Na walikuwa na samaki wa kila namna. Kiswahili kilipokea sehemu ya mseto huo bila kinyongo. Leo hakuna mtoto anayedhani kwamba chapati ni neno la kigeni.

Sasa natuingie hotelini. Katika vibanda vya Kibuye na Kondele, lugha ya mlo ni Dholuo na Kiswahili, na Sheng kidogo kwa vijana. Hakuna orodha iliyochapishwa. Mama mpishi hufunua sufuria moja baada ya nyingine na kutaja kilichomo, mteja naye huchagua kwa macho na kwa jina. Atasikia osuga, dek, apoth, boo na mitoo, na akiwa mgeni ataelezwa kwamba osuga ni mnavu au managu, dek ni saga, ambayo kamusi zetu huiita mgagani, apoth ni mrenda, na boo ni kunde. Hili ni somo kamili la tafsiri, tena lisilo na ada.

Tupande daraja moja, tufike kwenye hoteli za wastani za katikati ya mji, kando ya barabara iitwayo kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga na vichochoro vyake. Hapa orodha ya vyakula imebandikwa ukutani, nayo ni ya Kiingereza, ijapokuwa mhudumu na mteja wote wawili hawazungumzi Kiingereza. Mteja husoma kwa lugha moja, huagiza kwa nyingine, na mhudumu hupaaza sauti jikoni kwa ya tatu. Mboga zile tano za Kibuye zimekwisha kupungua. Zimebaki mbili au tatu, na zote zimekusanywa chini ya jina moja la jumla, mboga za kienyeji.

Tupande tena, tufike katika mikahawa ya kifahari ya Milimani na ya maduka makubwa. Huko hata hilo jina la jumla limepotea. Mnavu umekuwa jani tu la kupambia sahani, na samaki amekuwa tilapia au minofu, basi. Kadiri bei inavyopanda, ndivyo majina yanavyopungua. Nimelichunguza jambo hili katika miji mingine pia, Nakuru na Eldoret, na sioni tofauti kubwa.

Huenda msomaji akaniuliza, kuna hasara gani? Chakula si ni chakula? Nitajibu kwa kisa cha samaki wawili.

Wa kwanza ni mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara. Samaki huyu alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezagaa kote, akiwameza samaki wadogo wa asili, miongoni mwao fulu, ambao mamia ya aina zao zilitoweka. Viwanda vya kukata minofu vikajengwa katika miji ya kando ya ziwa, na minofu ikasafirishwa hadi Ulaya. Kichwa, uti na mkia vikabaki kwa wenyeji, vikakaangwa na kuuzwa sokoni. Wenyeji wakavipa jina la Kiswahili: mgongo wazi. Hakuna kamati ya istilahi iliyoketi kulitunga. Ni watu wa kawaida waliotazama mifupa iliyovuliwa nyama wakaona kana kwamba samaki kavishwa gauni lisilo na mgongo. Katika maneno hayo mawili mna mzaha, na ndani ya mzaha mna uchungu, kwa maana yanasimulia nani alikula mnofu na nani aliachiwa mfupa. Tukilifuta jina hili kwa kuona haya, tutakuwa tumefuta ushahidi.

Wa pili ni ngege, na kisa chake ni cha ajabu zaidi kwa mwanaisimu. Samaki ambaye wavuvi wa zamani walimwita ngege, yule ambaye wanasayansi humwita Oreochromis esculentus, amekuwa adimu mno katika ziwa lenyewe. Masalia yake hupatikana katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli katika kaunti ya Siaya. Nafasi yake imetwaliwa na jamaa yake, Oreochromis niloticus, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, ambaye jina lake kwa Dholuo ni nyamami. Lakini neno ngege halikufa pamoja na samaki wake. Lilimhama mwenyewe likamkalia mgeni, na leo wateja wengi humla nyamami wakimwita ngege. Juu ya hayo wameongezeka samaki wanaofugwa vizimbani humo humo ziwani, na wengine waliogandishwa kutoka Uchina. Wote hao, katika orodha ya ukutani, huitwa tilapia.

Mabadiliko ya maana ni jambo la kawaida katika lugha, nami siyalalamikii. Ninalolilalamikia ni jina moja kutumiwa kuwa pazia. Mvuvi aliyekesha ziwani, mfugaji wa vizimba aliyekopa fedha za chakula cha samaki, na mwagizaji wa makasha ya barafu, wote wanauza chini ya neno lile lile, na mteja hana njia ya kujua fedha zake zinamwendea nani. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa anayonunua. Habari hiyo, msomaji mpendwa, huanza na jina. Haki ya mlaji na elimu ya msamiati si mambo mawili yaliyo mbalimbali.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wenye hoteli watasema kwamba watalii hawatafahamu. Lakini Mjapani hakutafsiri sushi, wala Mwitaliano hakutafsiri pitsa. Waliyapeleka majina yao duniani kama yalivyo, nasi tukajifunza kuyatamka bila ya kunung'unika. Mgeni aliyefunga safari hadi ufuo wa Dunga hakuja kula kitu alichokiacha kwao. Fauka ya hayo, jina la kienyeji halijapata kumkimbiza mteja wa Kisumu. Lwang'ni, eneo la ufuoni lililovuma kwa miaka mingi kwa vibanda vyake vya samaki, maana yake kwa Dholuo ni nzi, na bado watu walimiminika huko kula.

Wengine watasema kwamba kuandika osuga na dek ni kuleta ukabila mezani. Hoja hii hainiingii akilini. Managu imetoka kwa Wakikuyu na saga imetoka kwa Wakisii, na hakuna aliyelalamika. Kiswahili hukua kwa kupokea, nacho hakijawahi kudhoofika kwa kumkaribisha jirani. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 7, imefanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na papo hapo ikaagiza lugha za wenyeji ziendelezwe na zitumiwe. Sioni mahali penye nafasi nzuri zaidi ya kuitii ibara hiyo kuliko kwenye karatasi ya vyakula.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Hata hivyo, mwaka 2021 UNESCO iliuweka mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha ya mifano bora ya kulinda urithi wa jamii. Ulimwengu umeona thamani ya mboga zetu; ni sisi tunaosita kuzitaja mbele ya wageni.

Nawageukia sasa walimu na wanafunzi, ambao ndio hasa niliokusudia kusema nao. Tumezoea kufundisha msamiati wa vyakula kwa kuandika maneno kumi ubaoni na kumwamuru mwanafunzi ayakariri. Matokeo yake ni kwamba mtoto huijua tufaha, ambayo pengine hajaionja, na haijui mitoo inayouzwa mlangoni pa shule. Mwalimu wa Kisumu na ampeleke Kibuye, wa Nakuru na Eldoret ampeleke soko lililo jirani. Wanafunzi waende wawili wawili, wawaamkue akina mama kwa adabu, wanunue japo fungu moja la mboga ili wasiwe wa kuuliza tu, kisha waandike safu nne: jina kwa lugha ya muuzaji, jina kwa Kiswahili, namna ya kupika, na msimu wa kupatikana. Waulize mboga gani huchanganywa na ipi ili uchungu upungue, na ni ipi hutiwa maziwa ikalazwa hadi kesho.

Wakirudi darasani watagundua mambo. Watagundua kwamba wahudumu hutaja upishi wa samaki kwa maneno mawili ya kuazima, drai na weti, ilhali Kiswahili kina kukaanga, kuunga, kutokosa, kubanika, kuchoma, kuoka na kupaka, kila neno na moto wake. Watagundua mboga zenye majina matatu na nyingine zisizo na jina la Kiswahili kabisa, na hapo ndipo kazi ya kweli ya lugha huanza. Shule ikifanya hivyo kwa miaka mitatu itakuwa na kamusi yake ndogo, iliyotungwa na watoto wenyewe, tena yenye maneno ambayo baadhi yake kamusi kubwa hazinayo. Sikukuu ya Kiswahili duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa tarehe 7 Julai, ingefaa zaidi kwa kazi kama hiyo kuliko kwa mashairi ya kusifu lugha tusiyoitumia mezani.

Kwa wenye hoteli ombi langu ni jepesi, wala simwambii mtu afute Kiingereza. Karatasi moja ina nafasi ya safu tatu: Dholuo, Kiswahili na Kiingereza. Mbele ya samaki aandike kama ni mbuta, nyamami au omena, na kama ametoka ziwani, kizimbani au katika sanduku la barafu. Gharama yake ni wino. Mama wa kibandani hahitaji karatasi hiyo, kwa kuwa yeye hutaja kila kitu kwa jina lake kila siku anapofunua sufuria. Wanaoihitaji ni wale walio juu yake, wanaotoza mara tano ya bei yake na kusema nusu ya anayoyasema.