Mama, Mtoto na Hesabu ya Maji

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama vile Paje na Jambiani, ambako maji ya bamvua hupwa yakauacha mchanga wazi kwa masafa ya kilomita nzima na zaidi, hadi kwenye mwamba uvunjao mawimbi, madrasa ya kwanza ya elimu ya falaki ni ufuo wenyewe, na mwalimu wake aghalabu ni mama aliyejifunga kanga kiunoni, ashukaye pwani saa nne za asubuhi na mwanawe akimfuata nyuma. Mtoto huuliza, "Mama, maji yamekwenda wapi?" na mama humjibu kwa hesabu: leo ni mwezi kumi na sita, mwanangu, ndiyo bamvua, kesho yatapwa baadaye kidogo kuliko leo, na ukifika mwezi ishirini na tatu yatakuwa maji mafu, wala hatutaufikia mwamba. Hesabu hiyo, aliyoirithi kwa wazee wake, ni sahihi, na inafaa mtoto aelezwe sababu yake pia.

Mwezi, ulio mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,000, huivuta dunia, na mvuto huo hupungua kwa kadiri ya umbali; basi maji ya upande unaouelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na kitovu nacho huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa pili. Tafauti hiyo ndiyo iinuayo maji pande mbili kwa wakati mmoja, jambo alilolieleza Isaac Newton katika kitabu chake cha mwaka 1687, na dunia inapojizungusha, kila pwani kama yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Lau mwezi ungesimama mahali pamoja, saa za maji zisingebadilika. Lakini nao umo safarini, na dunia ikishatimiza mzunguko wake huhitaji takriban dakika 50 zaidi ili kuufikia. Hizo ndizo dakika azijuazo mama asemapo kwamba kesho yatachelewa.

Jua nalo huvuta. Ingawa ni kubwa mno, liko mbali takriban mara 390 kuliko mwezi, hivyo nguvu yake ya kuinua maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, nguvu hizo mbili husaidiana, na baada ya siku moja au mbili huja bamvua kubwa, ambapo bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, na maji huwa mafu. Tena, kwa kuwa bamvua hufungamana na jua, saa zake hazitangitangi: maji hupwa kabisa mnamo saa nne na saa tano, asubuhi na usiku, mwaka hata mwaka. Hii naiona kuwa tunu kubwa, kwani mwamba hufunuka mchana kweupe. Kina mama wakulima wa mwani, ambao kilimo chao kilianza katika fukwe hizo mwaka 1989, hupanga kazi zao kwa kalenda hiyo hiyo.

Huko mwambani, ambako mama huenda kusaka pweza, mtoto hufundishwa kutazama magamba. Pweza akishamla kaa huyatupa magamba yake mlangoni mwa tundu, na palipo na magamba mapya, makombe matupu na vijiwe vilivyosogezwa pamoja, ndani yake mna jicho linalowatazama. Ngozi yake hugeuka rangi ya jiwe kufumba na kufumbua, kwa vifuko vidogo vya rangi vitanuliwavyo na misuli. Ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo. Jike hutaga mara moja tu maishani, akayalinda mayai pasi na kula, kisha akafa. Kwa hiyo mama amwambiaye mwanawe, "Huyu ameatamia, tumwache," ameihifadhi riziki ya kesho zaidi kuliko ilani yoyote ya serikali.

Maji yakianza kurudi hayaji kwa mwendo mmoja. Katika muda wa saa sita hivi, saa ya kwanza huleta sehemu moja tu ya kumi na mbili, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja huleta robo, yaani nusu ya maji yote kwa saa mbili. Na hutangulia kujaza mikondo ya chini iliyo baina ya mwamba na ufuo, nyuma ya migongo yenu. Basi, mzazi utakayeshuka na mwanao bamvua lijalo, shukeni maji yakiwa bado yanapwa, na mara yanapogeuka, nanyi geukeni, hata kama pweza hajapatikana.