Kinachosukuma garimoshi si moshi

Lugha yetu ilipoupokea mtambo ule ulioletwa na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, iliupa jina kwa kile ambacho jicho lilikiona kwanza. Ukaitwa gari la moshi, na hatimaye garimoshi. Jina ni zuri, na limeshinda majira: hata treni ya dizeli iliyoanza kwenda Nairobi kutoka Mombasa mwaka wa 2017 bado wapo wanaoiita hivyo. Hata hivyo, moshi hausukumi kitu. Moshi ni taka ya moto inayotafuta njia ya kutokea. Kinachosukuma ni mvuke, nao mvuke halisi hauonekani kwa macho; lile wingu jeupe tulionalo ni mvuke uliokwisha kufanya kazi yake na kuanza kupoa kuwa matone.

Sina nia ya kulibadilisha jina. Wanaisimu wanaozunguka wakisahihisha majina yaliyokwisha kukubaliwa na umma hupoteza wakati wao na wa wenzao. Ninalitaja kwa sababu ya swali niliioulizwa huko Kabazi, Kaunti ya Nakuru, na mvulana wa darasa la saba: “Mwalimu, moshi huingiaje kwenye magurudumu?”

Watoto wa Kabazi, kama wenzao wengi wa Bonde la Ufa, ni mafundi wa magari ya waya. Wakati wa likizo huunda malori, matatu na matrekta kwa waya, mikebe ya mafuta ya kupikia na vipande vya malapa yaliyochakaa. Mvulana huyu na wenziwe walikuwa wameunda garimoshi. Lilikuwa na dohani ya mkebe, magurudumu sita ya vifuniko, na fito za waya zilizoyaunganisha magurudumu hayo hata zikawa zinakwenda mbele na nyuma kila lilipovutwa. Hapana hata mmoja wao aliyewahi kuiona injini ya mvuke ikifanya kazi, kwa maana ziliondolewa njiani kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maelezo waliyapata kwa mzee mmoja wa kijiji aliyekuwa mchochea moto wa injini huko Nakuru katika ujana wake. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na baadaye tawi lake likaenda Solai, si mbali na Kabazi, kuchukua mazao ya walowezi. Wazee wa huko hawakuwa wageni wa mlio wa injini.

Sasa vijana wale walitaka garimoshi lao lijiendeshe. Mpango wao ulikuwa kujaza maji katika mkebe, kuuziba kabisa kwa lehemu, na kuuweka juu ya makaa. Mzee aliwakataza kwa ukali, na alifanya vyema. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Ikinyimwa nafasi hiyo huipasua, na mkebe ulioshonwa kwa risasi si kizuizi. Lakini alipotaka kuwaeleza sababu, maneno yalimwishia. Kazi yake aliifundishwa kwa amri za Kiingereza, naye akazihifadhi kama zilivyo.

Nilirudi mjini nikatafuta kitabu cha Kiswahili ambacho ningemtumia mvulana yule. Sikupata. Nilipata vingi vya Kiingereza, kwani kuunda injini ndogo za mvuke ni shughuli ya ridhaa yenye umri mkubwa ng'ambo. Gazeti la Kiingereza la mafundi hao, Model Engineer, lilianza mwaka wa 1898. Miongoni mwa waandishi wake alikuwamo mtu mmoja aliyejiita LBSC, herufi alizozitoa katika jina la kampuni moja ya reli ya kusini mwa Uingereza. Katika miaka ya 1920 wataalamu wengi waliamini kuwa injini ndogo ya kuchomwa kwa makaa haiwezi kumvuta mtu mzima. LBSC aliunda yake, ya reli yenye upana wa inchi mbili na nusu tu, akaiita Ayesha, ikawavuta watu wazima mbele ya mashahidi.

Ushindi huo mimi hauniathiri sana. Kinachoniathiri ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30 aliandika namna ya kuunda injini hizo, hatua kwa hatua, kwa lugha ya karakana na si ya chuo kikuu. Wasomaji wake walikuwa vibarua na makarani waliokuwa na tupa, jiliwa na kerezo dogo katika kibanda nyuma ya nyumba. Aliwaandikia kama mtu aliyesimama nao kwenye meza ya kazi, mikono ina mafuta.

Je, Kiswahili kinaweza kazi hiyo? Maneno hayo matatu niliyoyataja yamo kamusini. Tunayo pia fuawe, tindo, keekee, lehemu, kalibu na parafujo. Mafundi wa Nakuru, hata hivyo, wengi watakuambia vaisi badala ya jiliwa, wala hawatakuelewa ukiwatajia keekee. Hapo mimi huwafuata mafundi. Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye dhana. Chukua presha. Vitabu vya sayansi vina kanieneo, vingine vina shinikizo, na mwananchi akisikia presha humkumbuka mgonjwa. Lakini mama yeyote mwenye sufuria ya presha anakijua kile kizito kidogo kinachochezacheza juu ya mfuniko na kutoa sauti. Hiyo ndiyo vali ya usalama. Mfaransa Denis Papin aliivumbua katika karne ya 17 kwa ajili ya chombo chake cha kupikia, kabla hata garimoshi halijawazwa. Nilipomweleza mvulana yule kwa mfano wa sufuria, hakuhitaji la pili. Na zile fito za magurudumu, ambazo nilikuwa nikizitafutia istilahi, wao wanaziita mikono. Basi ziitwe mikono.

Wako walimu watakaosema haya ni michezo. Katika shule moja ya upande ule magari ya waya hukusanywa mlangoni na kutupwa jalalani, huku mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, ukimtaka mwanafunzi aunde vitu kwa vifaa vilivyo karibu naye. Matokeo yake mzazi hununua kilichoundwa tayari ili mtoto apate alama. Ajabu iliyoje!

Tazama hesabu iliyomo katika mchezo huu. Mwaka wa 1955 na 1956 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 za aina ya 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester na kupewa majina ya milima yetu. Kila moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa tani 252 hivi, na zilivuta treni za tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mwambie mwanafunzi aiunde kwa kipimo cha moja kwa kumi. Urefu utakuwa mita 3 na kidogo, na reli ya mita moja itakuwa na upana wa sentimita 10. Na uzito? Wengi watajibu tani 25. La hasha. Urefu, upana na kimo vyote vimegawanywa kwa kumi, kwa hiyo uzito umegawanywa kwa elfu: kilo 250 hivi. Maji ya boila nayo yamepungua mara elfu, ilhali ngozi ya boila imepungua mara mia tu. Ndiyo sababu boila ndogo hupoteza joto upesi, kama chai ya kikombe inavyopoa kabla ya ile ya birika, na ndiyo sababu fundi hawezi kunakili kila kipimo cha mtambo mkubwa akatumaini utakwenda.

Mojawapo ya injini hizo, nambari 5918 iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi huko awaambie wabebe utepe wa kupimia na daftari, na wakiweza wafuatane na mzee mmoja aliyewahi kuchochea moto. Waanze na kipenyo cha gurudumu, kisha urefu wa ule mkono.