Kasoro za Kuzaliwa Si Laana

Mwana-kondoo akizaliwa na jicho moja katikati ya uso, wengi hukimbilia kusema ni mkosi. Wafugaji wa Idaho, Marekani, walipata wana-kondoo wa namna hiyo katika miaka ya 1950, na uchunguzi ukabaini kuwa chanzo kilikuwa malishoni: mmea wa porini uitwao Veratrum californicum. Kondoo aliyeula karibu na siku ya 14 ya mimba ndiye aliyezaa mtoto wa jicho moja, kwa sababu sumu yake huzuia ubongo na uso wa kijusi kugawanyika pande mbili.

Kwa binadamu, dawa ya thalidomaidi, iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 hadi ilipoondolewa 1961, ilidhihirisha jambo hilohilo. Wajawazito waliimeza kutuliza kichefuchefu, na maelfu ya watoto wakazaliwa na kasoro, wengine viganja vikiota karibu na bega. Mbona basi wapo walioimeza wakajifungua watoto wazima? Aliyeimeza baada ya viungo kukamilika kuumbika alikuwa amevuka kipindi cha hatari, ambacho ni wiki chache tu za mwanzo.

Ni kweli kwamba kasoro nyingi bado hazijulikani chanzo, lakini kutojulikana si ushahidi wa uchawi. Hata kasoro za Idaho zilikuwa fumbo kabla ya kuchunguzwa. Kumlaumu mama hakumkingi mtoto yeyote. Afadhali amwulize daktari kabla ya kumeza dawa yoyote, tangu anapopanga kushika mimba.