Oscar: leo kidole gumba, mwakani futi moja

Msikilizaji wetu wa Temeke alituuliza hivi karibuni: "Samaki wangu nawalisha vizuri, mbona wanakufa?" Alikuwa amenunua Oscar watatu, kila mmoja mdogo kama kidole gumba, akawaweka kwenye bakuli la kioo juu ya kabati la televisheni. Baada ya wiki mbili hakubaki hata mmoja. Swali hili tunaulizwa mara nyingi, kwa hiyo leo tunalieleza kwa kirefu.

Oscar ni mgeni kwetu. Kwao ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini, na huko ni kitoweo. Lakini ni wa ukoo tunaoufahamu: familia ya siklidi, ambayo ndani yake wamo sato na perege tunaowala, furu wa Ziwa Victoria, na zaidi ya aina 200 za Ziwa Tanganyika. Anayemjua perege anaweza kumwelewa Oscar: mlafi, mkali kwa wenzake, na mwepesi wa kukua.

Na hapo ndipo penye kosa la kwanza. Oscar akitunzwa vizuri hufikia sentimita 30 ndani ya mwaka mmoja hivi, na anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Samaki mmoja mkubwa anahitaji tanki la lita 300 hivi, yaani urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Maji hayo peke yake ni kilo 300, sawa na magunia matatu ya kilo mia. Kabati la televisheni halibebi mzigo huo. Tengeneza meza ya chuma au mbao nzito.

Kosa la pili ni maji, na hili ndilo linaloua wengi. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kwenye tanki lililokomaa, bakteria wanaoishi ndani ya filta huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Ukiweka samaki siku ile ile uliyojaza tanki, anaogelea ndani ya sumu yake mwenyewe. Njia ya mkato ni kuomba kipande cha sponji kutoka kwenye filta ya rafiki mwenye tanki la siku nyingi na samaki wazima, ukakiweka kwenye filta yako.

Kila wiki badilisha robo ya maji, kama ndoo nne za lita 20. Usibadilishe yote kwa mpigo. Maji ya bomba yana klorini, nayo huunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wa filta. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Sponji ya filta isuuze kwa maji ya tanki lenyewe, si ya bomba. Kwa wenzetu wa Mbagala au Kigamboni wanaotumia maji ya kisima, onja kwanza. Yakiwa na chumvi, tafuta mengine.

Joto la Dar es Salaam linamfaa Oscar, kwani anapenda nyuzi 23 hadi 28. Shida yetu ni umeme. Ukikatika, filta husimama na hewa hupungua majini. Usimlishe wakati huo. Chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, mara kwa mara, au weka pampu ya hewa ya betri.

Chakula kiwe cha vidonge, kamba wabichi, minyoo ya ardhini, na dagaa wasio na chumvi. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta haimfai. Usimchanganye na samaki wadogo, maana anayeenea mdomoni mwake ni mlo.

Sasa jambo zito kuliko yote. Oscar akikushinda, usimmwage Mto Msimbazi wala kwenye bwawa lolote. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Alileta biashara kubwa, lakini furu wa aina nyingi walipungua vibaya au kutoweka kabisa. Huko Florida, Marekani, Oscar walioachiwa na watu sasa wanazaana wenyewe kwenye mifereji. Samaki akishaenea mtoni, hakuna wavu wa kumrudisha.

Mrudishe dukani, au mpe mwenye tanki kubwa. Na kabla ya kununua, pima sebule yako kwanza. Kama nafasi ya lita 300 haipo, chukua gapi wachache kwenye tanki dogo. Nao wanapendeza, na hawatakudai nyumba kubwa zaidi mwakani.