Toscana: Barabara za vumbi zilizookolewa na baiskeli

Mwaka 1997, watu 92 walikusanyika na baiskeli zao katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, kwenye vilima vya Toscana, katikati ya Italia. Hawakuja kugombea pesa. Walipanda baiskeli za chuma za zamani, wakavaa fulana za sufu kama wakimbiaji wa enzi za babu zao, na wakapita katika barabara za vumbi jeupe kwa sababu moja: barabara hizo zilikuwa zinatoweka. Kipande baada ya kipande, zilikuwa zikimwagiwa lami.

Leo barabara hizo, ambazo Waitaliano huziita strade bianche, yaani barabara nyeupe, ni miongoni mwa njia zinazotafutwa sana na waendesha baiskeli kutoka pande zote za dunia. Kwa msomaji wa Kongo, nchi ambayo sehemu ndogo tu ya barabara zake ina lami na ambako lori linaweza kulala siku kadhaa ndani ya potopoto, habari hii inashangaza. Inakuwaje watu waombe barabara yao ibaki ya udongo?

Njia za wakulima wa nusu kwa nusu

Barabara nyeupe hazikuchorwa kwa ajili ya watalii. Kwa karne nyingi, ardhi ya Toscana ililimwa kwa mkataba unaoitwa mezzadria. Mwenye shamba alitoa ardhi na nyumba, familia ya mkulima ilitoa nguvu zake, na mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu. Kila familia iliishi juu ya kilima chake, katikati ya shamba lake, mbali na kijiji. Ndiyo maana eneo hili lina njia nyingi nyembamba zinazopanda na kushuka kati ya nyumba za mawe, mizabibu na mizeituni. Zilikuwa njia za mkokoteni wa ng'ombe, za kwenda kanisani, kinuni na sokoni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana walianza kuondoka. Viwanda vya mijini vililipa mshahara, na hakuna aliyetaka tena kugawana ngano yake na bwana. Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, na mwaka 1982 sheria nyingine ikafungua njia ya kuimaliza ile iliyobaki. Nyumba nyingi za mashambani zilibaki tupu.

Hapo ndipo penye jibu la kwanza. Barabara kuu zilipata lami kwa sababu zilikuwa na magari. Njia nyingi za kwenda kwenye nyumba zilizohamwa ziliachwa zilivyo, kwa kuwa hazikuwa tena na watu wengi wa kuzitumia. Ukimya ambao mgeni anaupenda leo ulianza na umaskini na uhamaji.

Baiskeli kuukuu, kazi mpya

Mwanzilishi wa safari ile ya 1997 ni Giancarlo Brocci, mwenyeji wa Chianti. Aliipa jina la L'Eroica, maana yake "ya kishujaa", kwa kukumbuka wakati ambapo mbio za baiskeli zilipita kwenye vumbi na mawe. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: barabara ambayo watu wanaitumia na kuipenda ni ngumu zaidi kuizika chini ya lami.

Safari hiyo hufanyika mwanzoni mwa Oktoba, na sasa inavuta maelfu ya watu. Masharti yake ni makali. Baiskeli iwe imetengenezwa kabla ya 1987, kibadilisha gia kiwe kwenye bomba la chini la fremu, nyaya za breki zipite nje ya usukani, na pedali ziwe na mikanda ya kufungia viatu. Njia ndefu kuliko zote ina kilomita 209, na zaidi ya nusu yake ni vumbi. Wanaoichagua huondoka Gaiole kabla ya mapambazuko, na kipande cha kupanda kwenda ngome ya Brolio huangaziwa kwa mishumaa iliyopangwa kando ya njia. Kwenye vituo vya kupumzika hupewa mkate, supu nzito ya maharage na mboga, na divai ya hapo hapo.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, wakimbiaji wa kulipwa nao walifika. Mbio zao, ambazo leo zinaitwa Strade Bianche, humalizikia katika uwanja wa Piazza del Campo, katikati ya Siena, baada ya mpando mkali wa mtaa wa Santa Caterina. Wanawake walianza kushindana mwaka 2015. Mswisi Fabian Cancellara alishinda mara 3, katika miaka ya 2008, 2012 na 2016, na kipande cha Monte Sante Marie chenye kilomita 11 na nusu kikapewa jina lake. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mwaka 2022, kisha 2024 baada ya kuwaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita 81, na tena 2025 licha ya kuanguka njiani.

Kupita katikati ya historia

Kwa mtu wa kawaida asiye mkimbiaji, uzuri wa njia hizi ni kwamba gari hukutana nalo mara chache. Magari hayajakatazwa, mwenye shamba atapita, trekta litapita. Lakini mtu anaweza kuendesha muda mrefu akisikia tu kokoto chini ya matairi.

Kaskazini mwa Siena ni Chianti, vilima vyenye misitu na mizabibu. Ngome ya Brolio ni ya ukoo wa Ricasoli. Mmoja wao, Bettino Ricasoli, aliongoza serikali ya Italia mara tu baada ya nchi kuunganishwa mwaka 1861, na ndiye aliyeandika kanuni ya kuchanganya zabibu za divai ya Chianti. Ukishuka kuelekea mto Arbia unakaribia Montaperti, ambako tarehe 4 Septemba 1260 jeshi la Siena liliwashinda Wafirenze katika moja ya vita vya umwagaji damu mkubwa vya Italia ya wakati ule.

Kusini-mashariki mandhari hubadilika. Hapa ni Crete Senesi, vilima vitupu vya udongo wa mfinyanzi uliokuwa chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Mbele zaidi ni bonde la Orcia, lililoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2004. Humo hupita Via Francigena, njia ya mahujaji waliokwenda Roma. Sigeric, askofu mkuu wa Canterbury nchini Uingereza, aliipita karibu mwaka 990 na kuacha orodha ya vituo 79 alivyolala wakati wa kurudi.

Lakini udongo huu haumhurumii mtu. Wakati wa kiangazi vumbi hukausha koo, na mvua ikinyesha, mfinyanzi hushika matairi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Mwaka 2010 mashindano ya Giro d'Italia yalipita hapa kuelekea Montalcino katika mvua kubwa. Wakimbiaji walifika wamepakwa tope hata nambari zao hazisomeki, na Cadel Evans wa Australia ndiye aliyeshinda siku hiyo. Baiskeli zinazofaa ni zile za changarawe, maarufu kama graveli: usukani wa mbio, tairi pana la milimita 35 hadi 45 na gia nyepesi za kupandia.

Vumbi nalo lina gharama

Barabara ya udongo haijitunzi. Wazee wa Kivu na Katanga wanalijua hilo: wanakumbuka makantonye waliofyeka majani, wakazibua mifereji na kujaza mashimo kwa koleo, na vizuizi vya mvua vilivyosimamisha malori mpaka njia ikauke. Italia nayo ilikuwa na cantoniere wake, mwenye kazi ile ile na karibu jina lile lile. Nyumba zao nyekundu bado zinaonekana kando ya barabara za taifa. Katika Toscana, barabara nyingi nyeupe ziko mikononi mwa halmashauri za miji midogo, na nyingine hutunzwa na wenye mashamba wanaozitumia. Maji yasipopewa pa kupita, msimu mmoja wa mvua unatosha kuichimba.

Kuna sababu nyingine inayozifanya zidumu: hazibebi mizigo mizito. Malori, mabasi na magari ya wagonjwa yana barabara za lami jirani. Baiskeli yenye kilo 10 haichimbi makorongo. Nyumba zilizohamwa zimegeuka nyumba za wageni, mkulima huuza divai na mafuta ya zeituni mlangoni kwake, na vumbi lenyewe limekuwa mali.

Hapo ndipo tofauti na kwetu. Mkulima wa Toscana anaweza kuikataa lami mlangoni kwake kwa sababu lami ipo kilomita chache mbele. Mama wa Walungu au Masisi anayepeleka mihogo sokoni, au mgonjwa hospitalini, hana barabara ya pili. Kwake, udongo si uchaguzi.

Kwa anayepata nafasi ya kufika, njia ya L'Eroica yenye kilomita 209 ina vibao na iko wazi mwaka mzima, bila kiingilio na bila sharti la baiskeli ya zamani. Majira ya kuchipua na mwanzo wa vuli ndiyo nyakati nzuri. Abebe maji ya kutosha, kwa maana kutoka kijiji hadi kijiji ni milima mitupu.