Mvuvi Ni Aliyeandikwa

Samaki wa Mji wa Kale, Mombasa, hawaendi sokoni moja kwa moja. Chombo kikifika bandarini kutoka maji ya Tudor au nje ya miamba, mzigo hupitia kwanza kwenye mizani. Tafi kilo ngapi, changu kilo ngapi, pweza je? Chombo cha nani? Kwa nyavu, mshipi au malema? Karani anaandika huku wachuuzi wakigombania bei juu ya kichwa chake, na kina mama karanga wakisubiri samaki wadogo wa kukaanga na kuuza mitaani jioni. Uliza daftari ni la nani, utaambiwa la BMU. Jina refu, kikundi cha usimamizi wa ufuo, huachiwa barua za serikali.

Mkulima wa bara ana ushirika wake wa kahawa au maziwa. Mvuvi wa Mombasa ana BMU. Vikundi hivi vilianzia Ziwa Victoria, vikapata kanuni rasmi mwaka 2007, kisha vikatambuliwa upya na sheria ya uvuvi ya 2016. Ndani yake wamo wenye vyombo, mabaharia na wachuuzi. Huchagua kamati, hutunga sheria ndogo za bandari yao na huwapatanisha waliokatiana nyavu.

Kazi ngumu ni ya doria. Juya na bunduki ya kuchomea samaki vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini anayejua nani bado anakokota juya usiku si ofisa wa kaunti. Ni jirani yake. Na kumshtaki mtu utakayepanga naye safu Ijumaa msikitini si jambo dogo.

Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga kipande cha bahari mwaka 2005, wakaacha kukivua, na samaki wakarudi. Kisiwa cha Mombasa hakina nafasi ya namna hiyo. Upande mmoja ni Kilindini na meli zake, upande wa pili ni Tudor inayopokea maji taka ya mji. Kwa hiyo hapa, kwa maoni yangu, silaha kubwa ya BMU si doria. Ni lile daftari.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari mpya. Fidia ikishatajwa, swali la kwanza huwa: mvuvi ni nani? Hapo huzuka wavuvi ambao bahari haijapata kuwaona. Asiye na maandishi, hata akiwa amezeeka mtumbwini, hubaki akitafuta mashahidi.

Tatizo ni kwamba daftari humtambua zaidi mwenye chombo. Mwanamke anayeshuka kwa miguu maji yakitoka, akachokoa pweza mwambani, hana chombo cha kuandikisha. Pweza wake akifika kwenye mizani, hupimwa na kuandikwa kilo zake. Mwenyewe huenda jina lake lisionekane popote. Kamati zingeanza na hao sasa, kabla mradi mwingine haujatangazwa na foleni ya wavuvi wapya haijaanza kujipanga.