Dawa ya kuku haiponyi tena? Bakteria wana pampu ya kuitupa nje

WAFUGAJI wengi wa kuku wanaijua hali hii. Vifaranga wanaanza kuharisha, mfugaji anakimbilia duka la dawa za mifugo, ananunua pakiti ya unga wa njano na kuukoroga kwenye maji ya kunywa. Mara ya kwanza alipoitumia, kuku walipona haraka. Safari hii wiki inakatika na kila asubuhi anaokota mizoga. Lawama humwangukia muuza duka, kwamba kauza dawa feki.

Dawa feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi dawa ni ile ile na aliyebadilika ni bakteria.

Bakteria kama E. koli na Salmonela, wanaosumbua sana mabanda, wamezungukwa na tando mbili, ya nje na ya ndani. Ile ya nje haipitishi kitu ovyo. Lakini bakteria naye anakula, hivyo utando huo una vitundu vilivyojengwa kwa protini, upana wake ukiwa kama milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Sukari na chumvi hupita humo, na dawa nyingi za antibiotiki nazo huingilia mlango huo huo. Mwaka 1976 Hiroshi Nikaido na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizipa protini hizo jina la porini. Msomaji asichanganye na porini tunakokwenda kukata kuni; jina limetoka kwenye neno la kigeni lenye maana ya kitundu.

Bakteria aliyebanwa na dawa ana njia mbili za kujiokoa kwenye milango hiyo. Ya kwanza ni kupunguza vitundu, ili dawa iingie kidogo kidogo. Ya pili ni pampu, nazo ni protini zinazoikamata dawa ndani na kuirudisha nje.

Chukua tetrasaiklini, ndugu wa ile oksitetrasaiklini inayouzwa karibu kila duka la mifugo. Kazi yake ni kuusimamisha mtambo ambao bakteria anautumia kutengeneza protini zake. Ili ifanikiwe, lazima ijae ndani kwa kiwango cha kutosha. Mwaka 1980 maabara ya Stuart Levy, katika Chuo Kikuu cha Tufts mjini Boston, Marekani, ilionyesha kwamba bakteria sugu huitoa dawa hiyo nje kadiri inavyoingia. Ni sawa na kujaza maji kwenye pipa lililotoboka.

Pampu hiyo ni ya tetrasaiklini peke yake, lakini maelekezo ya kuitengeneza bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa aina nyingine. Zipo pia pampu zisizochagua, ambazo hutupa nje dawa za makundi tofauti. Mwaka 1983 Levy na mwenzake walieleza jinsi E. koli waliozoeshwa tetrasaiklini maabara walivyokuwa sugu pia kwa kloramfenikoli, dawa ambayo hawakuwa wamewahi kukutana nayo. Pampu zimeongezeka, vitundu vimepungua, na dawa ya pili imeharibika kabla hujainunua.

Je, haya yanamhusu mwenye banda? Levy huyo huyo alijaribu kwenye shamba halisi jirani na Boston, na matokeo yakachapishwa mwaka 1976. Walichukuliwa vifaranga 300, baadhi wakapewa chakula chenye tetrasaiklini. Katika wiki moja tu, karibu bakteria wote wa matumbo yao walikuwa sugu. Baada ya miezi mitano hadi sita, asilimia 31.3 ya sampuli za choo za watu walioishi shambani zilikuwa na bakteria ambao zaidi ya asilimia 80 yao walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani ilikuwa asilimia 6.8. Watu hao hawakula kile chakula cha kuku, walifuga tu.

Ulaya ilichukua muda mrefu kusikia. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006. Marekani ilifuata mwaka 2017 kwa zile zinazotibu pia binadamu. Utafiti wa dawa za kuziba pampu umeendelea kwa miaka mingi, lakini hakuna iliyoidhinishwa kwa wagonjwa.

Hapa kwetu hasara kubwa huanza pale mfugaji anapotibu bila kujua anatibu nini. Mdondo, ambao wengine huita kideri, ni ugonjwa wa virusi, na gumboro vilevile. Virusi hawana pampu wala vitundu vya aina hii, na oksitetrasaiklini haiwagusi hata ukiwapa kuku ndoo nzima. Kinga yao ni chanjo. Kuharisha damu mara nyingi huletwa na koksidia, ambaye si bakteria na ana dawa zake. Mfugaji anayemwaga antibiotiki kwenye mdondo amepoteza fedha na kuku, na bakteria waliobaki bandani wakiwa na pampu watawasubiri vifaranga wa awamu ijayo.

Kuku aliyekufa muda si mrefu, akipelekwa maabara, anaweza kuonyesha ugonjwa ni upi na dawa ipi bado inaua. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una vituo katika kanda mbalimbali. Gharama yake ilinganishwe na ya kundi zima, si na ya pakiti moja.

Dozi nayo ni tatizo. Kijiko kimoja badala ya vitatu, au kuacha siku ya pili kwa sababu kuku wamechangamka, huwaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wenye pampu. Kwa wafanyabiashara wa mayai na nyama, lebo hueleza siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho kabla ya kuuza. Muulize mfugaji tarehe hiyo kabla ya kupakia trei. Naye mwenye duka, kabla ya kupima unga kwa kijiko kwenye mfuko wa nailoni, aulize kuku ni wangapi, wana umri gani, na dawa gani walipewa mara ya mwisho.